Je, wajua kwa nini Tanzania huwezi kugombea ubunge bila chama?

Kila msimu wa uchaguzi kisa ni kilekile. Kura za maoni za chama zinapigwa, mtia nia anayependwa jimboni anaongoza, jina lake linapanda vikao vya juu na huko linakatwa. Jioni wazee wanamfuata nyumbani. "Mheshimiwa, wewe simama hivyohivyo peke yako, kura tunazo sisi." Hawezi. Kama bado anautaka ubunge, njia iliyobaki ni kuvua shati la kijani, kutafuta la rangi nyingine, na kupanda jukwaani kuinadi ilani ambayo wiki iliyopita alikuwa akiiponda.

Huwa tunamcheka na kumwita kigeugeu. Wengine kweli ni vigeugeu, lakini sheria nayo imemfungia mlango wa tatu. Mwaka 2015 Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikatwa jina na CCM mwezi Julai. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehamia Chadema, na Oktoba akapata takriban asilimia 40 ya kura za urais. Kusimama peke yake, yeye na jina lake kubwa, hakuruhusiwa.

Kufuli lenyewe liko ndani ya Katiba. Ibara ya 67 inasema anayegombea ubunge lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 39 inasema vivyo hivyo kwa Rais, na ya 47 kwa Makamu wa Rais. Ajabu ni kwamba Katiba hiyohiyo, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Yaani hulazimishwi kuwa na chama, ila usipokuwa nacho hugombei.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa 1960, kabla ya uhuru, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu, alikokishinda Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na mgombea asiye wa chama hakuwa na pa kusimama. Vyama vingi viliporudi 1992, vyama viliongezeka lakini sharti la kuwa na chama likabaki palepale.

Aliyeamua kulitikisa kufuli hilo ni Mchungaji Christopher Mtikila. Chama chake, DP (Democratic Party), kilikuwa kimenyimwa usajili, kwa hiyo kwake hili halikuwa somo la darasani: bila chama kilichosajiliwa hakuwa na njia yoyote ya kugombea. Mwaka 1993 akafungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki: raia anaweza kugombea bila chama.

Fuatilia kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo sheria na siasa zinapogongana. Serikali ilikuwa imeshapeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba wakati kesi bado inasubiri hukumu. Kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha marekebisho ya kumi na moja. Chukua Katiba yako, fungua ibara ya 21. Kiini chake ni kwamba kila raia anayo haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi. Lakini sentensi haianzii hapo. Inaanza hivi: "Bila ya kuathiri masharti ya ibara ya 39, ya 47 na ya 67…" Maneno hayo ndiyo yaliyochomekwa. Hukumu ya kurasa nyingi ikazimwa kwa nusu mstari.

Mtikila hakuchoka. Alirudi Mahakama Kuu mwaka 2005, safari hii mbele ya majaji watatu, na Mei 2006 akashinda tena. Serikali ikakata rufaa. Juni 17, 2010, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, majaji saba wa Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani waliitengua hukumu hiyo.

Hoja yao inahitaji kuelezwa vizuri, maana mitaani ilifupishwa kuwa "majaji waliogopa". Mahakama inaweza kuifuta sheria ya Bunge inayopingana na Katiba, kwa kuwa Katiba iko juu ya sheria. Lakini je, inaweza kuifuta ibara ya Katiba yenyewe kwa kuwa inagombana na ibara nyingine? Majaji walisema hapana. Maadamu marekebisho yamefuata utaratibu, ibara zote ni za Katiba moja, na wa kuibadili ni Bunge. Wakaongeza kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, si la kisheria, na kwamba kila nchi huliamua kulingana na mahitaji na historia yake. Papo hapo wakalishauri Bunge lilitazame.

Sehemu ya kwanza ya hoja naielewa. Hakimu akianza kuchagua ibara za kubaki na za kufutwa, hatujui atakomea wapi. Ile ya pili ndiyo inayonishinda kumeza. Haki ya kuchaguliwa imeandikwa kwenye Katiba, imo kwenye mikataba iliyotiwa saini. Ikishaitwa ya kisiasa, raia aende kuidai wapi? Kwa wanasiasa, ambao ndio aliokuwa akiwashtaki?

Mtikila alikwenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walifungua shauri kama hilo, yakaunganishwa. Serikali ilijitetea kwa kutaja usalama, Muungano na hofu ya ukabila. Juni 14, 2013 mahakama ikasema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ichukue hatua za kurekebisha ndani ya muda unaofaa. Jaji Ramadhani wakati huo alikuwa mmoja wa majaji wa Arusha, ila hakukaa kwenye kesi hiyo, kwa kuwa jaji haruhusiwi kusikiliza shauri linaloihusu nchi yake. Miaka miwili baadaye alichukua fomu CCM kuomba kugombea urais. Yeye pia, bila shaka, kwa tiketi ya chama.

Utekelezaji? Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikuwa na mgombea huru, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na hadi leo haijapigwa. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba mwaka huohuo, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2019 Tanzania ikajiondoa kwenye tamko lililowaruhusu raia na asasi kuishtaki moja kwa moja Arusha, na mlango alioupitia yeye ukafungwa.

Majirani wamechagua tofauti. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, inamruhusu mgombea huru mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uganda wabunge wasio na chama walizidi 70 katika uchaguzi wa 2021, wengi wao wakiwa walioangushwa kwenye mchujo wa vyama vyao. Ukabila wanao kama wengine. Sidhani kama waliuletewa na wagombea huru.

Na kufuli halimbani mgombea tu. Ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kinaondoka. Wapiga kura hawawezi kumvua ubunge katikati ya muhula. Kikao cha chama kinaweza. David Kafulila wa Kigoma Kusini, alipovuliwa uanachama na NCCR-Mageuzi mwishoni mwa 2011, alibaki bungeni kwa sababu tu alikimbilia mahakamani kupata zuio.

Upo mwanya mmoja ambao wengi hawaujui. Rais anaweza kuteua wabunge wasiozidi 10, na hao Katiba haiwadai sharti la chama. Wanatakiwa tu watimize sifa nyingine za ibara ya 67. Kwa hiyo mtu asiye na kadi ya chama anaweza kuapishwa kuwa mbunge wa Tanzania akiteuliwa na mtu mmoja. Akipigiwa kura na jimbo zima, hawezi. Kulibadili hilo kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, na walio wengi kati yao waliingia humo kwa barua ya chama.