Mamluki hazuiwi uwanjani

Kila michezo ya vyuo vikuu inapokaribia, watu wa hapa Tabora huniuliza maswali yale yale. Uwanja upo? Jezi zimefika? Mgeni rasmi ni nani? Ninayoyafanyia kazi mimi ni mambo ya sekretarieti, usajili na ratiba, na swali ninalolitanguliza ni jingine: hawa wanaokuja kucheza ni wanafunzi kweli? Likikosa jibu lililonyooka, hata mkiwa na uwanja wenye nyasi kama zulia, mtakuwa mmeandaa bonanza tu. Vyuo vitacheza mwaka huu, mwakani vitaanza kutafuta visingizio vya kutokuja.

Muundo wenyewe unajulikana. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1967, na vyama vya michezo husajiliwa kisheria. Vyuo vikuu vina TUSA, na taasisi za elimu ya juu zisizo vyuo vikuu zina SHIMIVUTA. Juu yao kuna FISU, shirikisho la dunia lililoanzishwa mwaka 1949, ambalo Michezo yake ya Dunia ilifanyika Rhine-Ruhr, Ujerumani, Julai 2025. Kikomo cha umri huko ni miaka 25, na anayeruhusiwa ni mwanafunzi aliyesajiliwa au aliyehitimu katika mwaka uliotangulia mashindano. Naitaja kanuni hiyo kwa sababu chuo kinachozoea kujaza timu na watu wa mtaani hakina mchezaji wa kumpeleka huko.

Mamluki, yaani anayechezea chuo asichosoma, hakamatiki kwa macho. Wapo wanafunzi halali wenye ndevu na watoto wawili, na wapo vijana wenye sura za kidato cha pili ambao hawajawahi kukanyaga darasa la chuo. Kitambulisho nacho hakitoshi, kinatengenezwa stesheneri yoyote yenye printa nzuri. Kinachotoa jibu ni namba ya mtihani ya kidato cha nne. Huanza na namba ya shule, ikafuata ya mtahiniwa, kisha mwaka, na humfuata mtu kuanzia shuleni hadi kwenye udahili wa chuo na mkopo wa HESLB. Ndiyo maana kwenye fomu zangu safu ya kwanza baada ya jina ni namba hiyo, kabla hata ya namba ya usajili ya chuo.

Orodha naitaka wiki tatu kabla, imesainiwa na ofisi ya udahili au msajili. Saini ya mwalimu wa michezo peke yake siipokei. Mwalimu wa michezo anapimwa kwa vikombe, msajili anapimwa kwa ukweli wa rejista yake, na akisaini jina la mtu asiyekuwepo ameweka kazi yake rehani. Tofauti hiyo hupunguza mamluki kuliko onyo lolote la jukwaani.

Hata hivyo dawati la ukaguzi lazima liwepo siku timu zinapofika, na hapo unahitaji mtu mwenye subira. Kijana anafika, anakuamkia, "Shikamoo mwalimu," unaitikia, unamkaribisha akae. Humwombi kitambulisho kwanza. Unamuuliza anasoma kozi gani, kisha unazungumza naye kama mtu mwenye hamu ya kujua: muhula huu mna masomo mangapi, lile gumu linafundishwa siku gani, mtihani wa majaribio mlifanyia ukumbi gani? Mwanafunzi wa kweli huanza kulalamika papo hapo. Atakwambia somo la takwimu linamtesa na ana sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya mwaka jana. Mamluki atakutajia kozi kwa jina refu lililokaririwa vizuri, kisha atamtazama kocha wake. Ukiona jicho limekwenda kwa kocha, fungua rejista, piga simu kwa msajili, malizeni hapo hapo kabla jezi haijavaliwa.

Sasa kuna makundi ambayo watu huyachanganya na mamluki, na ninawatetea kwa nguvu zote. Mwanafunzi anayecheza ligi, hata Ligi Kuu, ni mwanafunzi. Kumfungia kwa sababu anajua mpira kuliko wenzake ni kumwadhibu kwa kusoma, wakati siku zote tunaimba kwamba wachezaji wetu wasome. Wa shahada ya uzamili naye ni mwanafunzi. Mkitaka kikomo cha umri, kiandikeni kwenye kanuni miezi kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia nusu fainali. Aliyeahirisha masomo ndiye ninayemkatalia, kwa sababu kwa muhula huo hayupo darasani. Inauma, na nimeona kijana mzuri akilia mbele ya dawati kwa ajili hiyo. Kanuni ikilegezwa kwa anayelia, asubuhi yake watakuja kumi wanaolia.

Ratiba ni hesabu, na hesabu haina upendeleo. Timu 16 za soka, makundi manne ya timu nne: kila kundi lina mechi sita, jumla 24. Robo fainali nne, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali. Zote zinakuwa 32. Ukiwa na viwanja viwili, kila kimoja kikibeba mechi mbili kwa siku, hatua ya makundi inakwisha kwa siku sita na kila timu inapumzika siku moja kati ya mechi na mechi. Mechi mbili za mwisho za kundi huanza kwa wakati mmoja kwenye viwanja viwili tofauti, ili pasiwe na timu inayoingia ikijua tayari inahitaji mabao mangapi. Weka siku ya mapumziko kabla ya kila hatua ya mtoano, na unafika siku 12. Wanaonijia na bajeti ya siku nane nawauliza ni mapumziko ya nani tuyafute. Kijana akicheza dakika 90 leo na 90 kesho chini ya jua la Tabora la Septemba, gari la wagonjwa ndilo litakalokuwa na kazi.

Netiboli, wavu na kikapu ni rahisi zaidi kupanga kwa viwanja, lakini pana kosa moja linalojirudia: netiboli hupewa saa saba mchana, soka hupewa saa kumi. Mabinti wanacheza robo nne za dakika 15 juani, watu wakiwa wamekwenda kula. Zungusheni saa hizo. Hakuna gharama.

Kuhusu mahali, nitasema wazi kwamba naitaka michezo hii huku magharibi. Tabora ilipokea michezo ya kitaifa ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, mwaka 2022, kwa hiyo mji unajua kulaza na kulisha vijana wengi kwa pamoja. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi upo, viwanja vya shule kongwe vipo, na shule zikiwa likizo mabweni yapo. Reli ya Kati inagawanyika hapa kwenda Kigoma na Mwanza, na tawi la Mpanda huchepukia Kaliua, mkoani humu humu, hivyo timu za kanda hizi hazina haja ya kulala njiani siku mbili kama zinavyofanya michezo inapowekwa Pwani.

Kikwazo ni kalenda. Desemba vyuo vipo wazi lakini kwetu mvua zimeshika, na uwanja wa nyasi haubebi mechi mbili kwa siku kwenye tope. Mimi napendekeza mwanzo wa likizo ndefu, mara baada ya mitihani ya muhula wa pili, kabla wanafunzi hawajatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo. Ardhi imekauka, hali ya hewa bado ina ubaridi. Tatizo lake ni kwamba wakati huo bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, limekwisha, mwanafunzi hana hata nauli ya daladala. Chuo kiingize posho, chakula na nauli kwenye bajeti ya mwaka mapema, na kila mchezaji aje na kadi ya bima inayofanya kazi, maana goti likiteguka saa kumi na moja jioni hospitali haitasubiri barua kutoka makao makuu.

Bado rufaa. Iandikwe, iletwe na ada yake ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni, na isikilizwe usiku huo huo na watu wasiotoka kwenye vyuo vinavyolalamikiana. Matokeo yabandikwe ubaoni kabla ya kifungua kinywa, yakiwa na sababu na kifungu kilichotumika. Kocha aliyeshindwa rufaa bila kuelezwa sababu atawaambia vijana wake wameonewa, na watakwenda uwanjani na hasira hiyo.

Chuo kinachotaka kuanza maandalizi leo kimtume mwalimu wake wa michezo kwa msajili akaombe majina yenye namba za kidato cha nne. Jezi zinaweza kusubiri hadi orodha hiyo irudi.