Magazini: ghala lenye watoto wengi

Juzi nilikuwa nasahihisha kazi ya mwanafunzi wangu wa tafsiri. Sentensi ya Kifaransa ilisema mama amekwenda "magasin" kununua sukari. Yeye kaandika mama amekwenda kwenye jarida. Nilicheka, kisha nikamhurumia. Neno hili limewanasa wengi.

Kwa Mfaransa na Mrusi ni duka. Kwa Mwitalia (magazzino) na Mholanzi (magazijn) ni ghala. Mhispania husema almacén na Mreno armazém, ghala lile lile, ila wao walilibeba pamoja na "al" yake ya Kiarabu.

Maana chimbuko ni Kiarabu: makhzan, wingi wake makhazin. Mzizi kh-z-n ni kuweka akiba, na "ma" ya mwanzo huonyesha mahali, kama ilivyo katika maktaba na mahakama. Wafanyabiashara wa Mediterania ndio waliolivusha bahari. Huko Morocco neno lilipanda cheo: Makhzen ikawa ndiyo dola ya sultani. Naona ni sawa tu, kwani mwenye ufunguo wa ghala la kodi ana nini tena cha kutafuta?

Utata wa jarida tuwadai Waingereza. Kwao lilikuwa ghala, hasa la baruti na silaha, ndipo ikapatikana magazini ya bunduki. Mwaka 1731 Edward Cave akaanzisha London The Gentleman's Magazine, yaani ghala la maandishi yaliyookotwa huku na huko. Jina likashika, hata Wafaransa wakalichukua upya kwa Waingereza. Leo wana magasin ya sukari na magazine ya kusoma.

Gazeti, msilitie katika ukoo huu. Hilo latoka gazeta, sarafu ndogo ya Venice, na "ma" ya magazeti ni wingi wetu wa kawaida.

Ndugu wa kweli tunaye nyumbani: hazina. Mhazini wa kikundi chenu, yule mnayemkabidhi michango, ana nasaba moja na duka la Moscow.

Mwanafunzi akaniuliza, mbona sisi hatukuchukua makhzan yenyewe? Nikamwambia tunalo ghala, nalo ni Kiarabu pia: ghalla, mavuno. Akafuta "kwenye jarida", akaandika "dukani". Jarida na duka nayo asili yake ni Kiarabu, lakini kengele ilikuwa imeshalia.