"Damu" na "binamu": Kiswahili kwenye santuri ya mahasimu wa Los Angeles

Mwanafunzi wangu mmoja alinifuata baada ya kipindi, simu mkononi. "Mwalimu, hawa Damu Ridas ni Wabongo?" Nikacheka, lakini swali lake lilinipa kazi ya wiki nzima. Si Wabongo. Ni marapa wa Los Angeles, vijana wa genge la Bloods, na hilo "damu" walilojiitia ndilo letu hili, kwa maana ileile.

Mimi ni mtu wa isimujamii, midundo nawaachia maprodyuza. Ila huwezi kuwaeleza Damu Ridas bila kurudi mwaka 1993, ilipotoka albamu ya Bangin' on Wax chini ya lebo ya Dangerous Records. Rapa wa Compton, mji jirani na Los Angeles, Tweedy Bird Loc, na prodyuza Ronnie Phillips waliwaweka Bloods, wavaa nyekundu, na mahasimu wao Crips, wavaa buluu, watu wa kuuana, kwenye albamu moja. Jina lina fumbo lake: kwa lugha ya mitaa ile, "kubang" ni kuishi na kupigania genge, na wax ni santuri. Vita ni ileile, uwanja ndio umebadilika.

Kwa kuwa ilitoka hata mwaka haujapita tangu magenge ya Watts, mtaa wa Los Angeles, yawekeane mkataba wa kusitisha mapigano, Aprili 1992, wapo wanaoiita albamu ya amani. Siafiki. Nimeisikiliza na daftari mapajani. Kuna nyimbo za Crips peke yao, kuna za Bloods peke yao, na kuna zile wanazopokezana maiki, na hapo wanachambana hadharani. Crips wanaitwa kaa, yule wa baharini, kwa sababu kwa Kiingereza crab na Crip yanakaribiana kimatamshi. Mpenzi wa taarab atasema hii ni mipasho. Sawa, ila mipasho haikufuati nyumbani na bunduki.

Kilichonikamata zaidi ni herufi. Crip anaikwepa B, Blood anaikwepa C. Compton, kwa Blood, ni Bompton. Crip naye hapendi kuandika ck, maana hizo ni herufi za "muuaji wa Crip", kwa hiyo thick anaiandika thicc. Siku hizi vijana wa intaneti dunia nzima wanaandika hivyo bila kujua wamevaa sare ya nani.

Nililijaribu darasani. Nikawaambia: wewe ni mtu wa Kariakoo, sauti ya K ni mwiko, weka B. Unapanda daladala Bariaboo, unavuka kwenda Bigamboni. Watu wakavunjika mbavu. Nikawataka waongee hivyo dakika 5 mfululizo. Wengi hawakufika hata moja. Sasa ongeza vina, ongeza mdundo, na ujue kwamba ulimi ukiteleza wenzako watakuuliza uko upande gani.

Halafu sikiliza wanavyoitana. Crip humwita mwenzake cuz, yaani binamu. Blood humwita mwenzake blood, damu. Maneno yote mawili ni ya ukoo! Hata ule wimbo wao Piru Love, uliopendwa sana upande wa wekundu, unataja mapenzi, na Piru ni mtaa wa Compton ambao vijana wake waligoma kumezwa na Crips mwanzoni mwa miaka ya 1970, na humo ndimo Bloods walimochipukia.

Na Kiswahili kilifikaje huko? Hakikupelekwa na Mtanzania wala Mkenya aliyehamia. Baada ya ghasia za Watts za Agosti 1965, Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani Mweusi, na chama chake cha US (yaani "sisi"), hapohapo Los Angeles, walikichukua Kiswahili kama lugha ya Waafrika wote, isiyo ya kabila moja. Mwaka 1966 wakaanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, na umoja, ujima, kuumba na imani zake. Wafungwa Weusi wa California nao wakajifunza: kujitambua ilikuwa sababu moja, na nyingine ni kwamba askari jela hakuelewi. Neno "damu" likapata wenyewe, na miaka miwili baada ya Bangin' on Wax likawa jina la kundi. Mahasimu walikuwa wamegawana: wekundu wakarekodi kama Damu Ridas, wa buluu kama Nationwide Rip Ridaz.

Mwanafunzi wangu aliporudi nilimweleza yote hayo. Akauliza, "Kwa hiyo Kiswahili ni cha Bloods?" Nikamwambia hapana. Miaka ya 1980, Crips waliojipanga magerezani kwa jina la Consolidated Crip Organization walikuwa wakijifunza Kiswahili hichohicho.