Gari-nyumba na trela la magari nyuma yake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyeamua kuishi ndani ya gari-nyumba mwaka mzima hachelewi kugundua kwamba hawezi kwenda kila mahali na jumba la mita kumi na mbili. Anahitaji gari dogo la mizunguko. Akiwa na mwenzake, huenda wakahitaji mawili, au gari na pikipiki, na hapo ndipo trela linapoingia kwenye hesabu. Ushauri kuhusu trela hilo haukosekani, na mwingi ni mzuri. Lakini zipo kauli zinazopokezanwa kwa kujiamini kabisa ilhali zinahatarisha maisha ya waliomo ndani na ya wanaopishana nao. Karibu zote zinatokana na kosa moja: kuamini kwamba uzito ukishaandikwa kwenye karatasi umemalizika.

Dhana: “Injini ina nguvu, mzigo huu haitausikia”

Injini ndiyo ya mwisho kulalamika. Dizeli kubwa itapandisha mlimani mzigo ambao chasisi, ekseli, matairi na breki havikuundwa kuubeba, na dereva ataona safari ni laini. Kinachoamua si nguvu, ni namba iliyo ndogo kuliko zote: uwezo wa kiungo cha kuvutia, uwezo wa tufe la chuma linaloshika trela, uzito wa juu wa trela lenyewe, na kikomo cha gari-nyumba na trela vikiwa pamoja, ambacho huwekwa na mtengenezaji wa chasisi.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Chukua mfano wa gari-nyumba lenye kiungo kilichogongwa muhuri wa kilo 4,500. Mwenyewe anaona amemaliza. Lakini kikomo cha pamoja cha chasisi yake ni kilo 13,600, na gari-nyumba likijaa linafika kilo 10,900. Zinazobaki ni 2,700 tu, hata kama chuma cha nyuma kingeweza kuvuta zaidi. Sasa piga hesabu ya trela la kufungwa pande zote: likiwa tupu kilo 1,800, gari dogo 1,600, pikipiki 250, vifaa na makabati 300. Jumla ni 3,950. Huyu amepitiliza kwa zaidi ya tani moja, na injini haijamwambia kitu.

Trela la wazi la aluminiamu linaweza kuwa jepesi kwa karibu tani nzima kuliko lile la kufungwa, na kwa watu wengi hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwa ndani ya kikomo na kuwa nje. Najua trela la kufungwa linapendwa kwa sababu linageuka karakana na stoo. Ukarakana huo huo ndio unaoliongezea uzito kidogo kidogo, sanduku moja leo, jenereta kesho.

Dhana: “Nilipima nilipolinunua, uzito naujua”

Gari la mapumziko ya wiki mbili hubeba nguo na vyakula vya wiki mbili. Makao ya kudumu hubeba maisha: vitabu, vyombo vya majira yote, zana, mashine ya kufulia. Tangi la maji safi la lita 300 ni kilo 300 likijaa. Uzito ulioandikwa kwenye kibao cha kiwandani hauna habari na hayo yote.

Anayeishi barabarani anapaswa kupima akiwa amepakia vile vile anavyohama: mafuta kamili, maji yakiwa kwenye kiwango chake cha kawaida, watu ndani, trela limeungwa na magari yako juu. Apime kila ekseli peke yake, na ikiwezekana kila gurudumu. Jumla inaweza kuwa sawa huku kona moja ya nyuma imezidiwa kwa sababu jiko, jokofu na betri vyote vimepangwa upande mmoja. Upepo wa matairi nao hujazwa kwa kufuata uzito huo uliopimwa na jedwali la mtengenezaji wa tairi, si kwa kukisia.

Dhana: “Kilo 400 kwenye kiungo ni kilo 400 kwenye ekseli ya nyuma”

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu jambo hili ni la magari-nyumba hasa. Kiungo cha gari dogo kiko karibu na ekseli yake ya nyuma. Cha gari-nyumba kiko mbali, kwa kuwa nyuma ya ekseli kuna mita kadhaa za nyumba. Mzigo ulio mbali hivyo hufanya kazi ya wenzo: unakandamiza ekseli ya nyuma na kuinua ya mbele.

Tuseme kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 6, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kiungo ni mita 3.5. Shingo ya trela, yaani ile sehemu ya mbele inayokalia tufe, ikikandamiza kwa kilo 400, ekseli ya nyuma inapata nyongeza ya kilo 633. Zile 233 za ziada zimetoka ekseli ya mbele. Kwa hiyo ekseli ya nyuma, ambayo huenda ilikuwa imebakiza nafasi ya kilo 500 tu, imeshazidiwa, na magurudumu yanayoongoza yamepunguziwa uzito. Dereva atahisi usukani umekuwa mwepesi, na siku ya upepo wa pembeni atatafuta barabara. Ndiyo maana kwenye kiungo huwa kumeandikwa namba mbili, ya kuvuta na ya kukandamizwa, na kuongeza kipande cha kurefusha kiungo hupunguza uwezo wake.

Dhana: “Basi punguza uzito wa shingo uwe mdogo iwezekanavyo”

Mtu akishaielewa hesabu hiyo, anakimbilia upande wa pili: anasogeza gari nyuma kwenye trela mpaka shingo inakuwa nyepesi. Hili ni baya zaidi. Trela lenye uzito mwingi nyuma ya ekseli zake huanza kupiga mkia.

Amerika ya Kaskazini mazoea ni shingo kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa. Ulaya viwango huwa chini ya hapo, na matrela yake yameundwa hivyo. Mwongozo wa trela na wa kiungo ndiyo mwamuzi. Pakia sehemu kubwa ya uzito mbele kidogo ya ekseli za trela, kisha pima shingo kwa mizani.

Kusogeza gari kidogo tu kunabadilisha mambo. Gari la kilo 1,800 likisogezwa sentimita 30 mbele, kwenye trela ambalo kutoka tufe hadi katikati ya ekseli zake ni mita 5, shingo inaongezeka kilo 108. Ukishaipata sehemu sahihi, weka alama ya rangi sakafuni au funga vizuizi vya magurudumu hapo, ili gari lisimame palepale kila safari. Ukibadilisha gari, au ukihamisha pikipiki kutoka mbele kwenda nyuma, alama hiyo haifai tena. Pima upya.

Dhana: “Gari kubwa hivi haliwezi kuyumbishwa na trela”

Uzito wa gari-nyumba husaidia, ni kweli. Lakini ule urefu wa nyuma ya ekseli unalipatia trela mkono mrefu wa kusukumia nyuma ya gari kushoto na kulia. Mwendo ukizidi, kila myumbo hufa polepole zaidi kuliko ulivyokufa kwenye mwendo wa chini, na kuna kasi ambayo ikipitwa myumbo haufi tena, unakua. Kasi hiyo hutofautiana kwa kila mpangilio wa mzigo, kwa hiyo kusema “jana nilikwenda 110 bila tatizo” hakuthibitishi chochote kuhusu leo.

Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na shika usukani kwa uthabiti bila kujaribu kulifuata. Kama breki za trela ni za umeme, bonyeza kitufe au vuta kishikio cha kidhibiti chake, kilicho karibu na dereva, kwa mkono ili trela peke yake livutike nyuma na kunyooka. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu, na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Baadaye simama mahali salama utafute sababu; huwa ipo, na mara nyingi ni mzigo uliokaa vibaya au tairi lililopungua upepo.

Dhana: “Breki za gari-nyumba zinatosha kusimamisha vyote”

Breki za gari-nyumba zimepangiwa uzito wa gari-nyumba. Trela la tani tatu au nne linataka breki zake, kwenye ekseli zake zote kama mtengenezaji alivyoziweka, pamoja na swichi inayozikaza zenyewe trela likichomoka. Swichi hiyo ya breki za umeme hutegemea betri ndogo iliyoko kwenye trela, na betri hiyo hufa kimyakimya. Ichunguze. Minyororo ya usalama nayo ipishane chini ya shingo, ili shingo ikianguka idakwe isifike kwenye lami.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulipita. Kwenye mteremko mrefu dizeli nyingi hutumia breki ya injini, na ni sawa kabisa kufanya hivyo. Lakini kwa trela la breki za umeme, mara nyingi kidhibiti hakiamki mpaka kanyagio la breki likanyagwe. Maana yake gari-nyumba linajizuia peke yake huku trela likilisukuma kutoka nyuma. Kwenye barabara kavu iliyonyooka utavumilia. Kwenye kona yenye utelezi trela laweza kujikunja. Ingia mteremkoni ukiwa tayari na mwendo mdogo na gia ya chini, na zipe breki za trela kazi yake. Matrela ya Ulaya ya hadi kilo 3,500 kwa kawaida hutumia breki zinazokazwa na msukumo wa trela lenyewe, kwa hiyo hayo hujizuia hata injini ikipunguza mwendo.

Dhana: “Trela ni kujitesa, gari dogo livutwe magurudumu yote manne yakiwa chini”

Likiwa gari moja tu, na mtengenezaji wake ameruhusu kwa maandishi, mimi mwenyewe ningechagua njia hiyo. Ni nyepesi na haina trela la kutafutiwa maegesho. Lakini magari mengi hayaruhusiwi. Kwenye gia nyingi za otomatiki, pampu inayolainisha vyuma huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, gia inaungua. Magari mengi ya umeme pia yamekatazwa, kwa sababu magurudumu yanazungusha mota nayo inazalisha umeme usiotakiwa wakati huo.

Trela lina faida nyingine: linaweza kurudi nyuma. Gari linalovutwa kwa magurudumu yote manne halirudishwi zaidi ya hatua chache kabla magurudumu yake ya mbele hayajajipinda, na ukiingia njia isiyo na pa kutokea itabidi ulifungue hapo hapo. Usisahau tu kwamba kwenye kona mkia wa gari-nyumba hutoka upande wa pili, halafu trela hukata kona kwa ndani. Vioo vyote viwili viangaliwe mpaka mwisho.

Dhana: “Leseni ya kawaida inatosha popote”

Inategemea ulipo. Katika Umoja wa Ulaya leseni ya daraja B huishia kwenye gari la kilo 3,500 na trela la kilo 750, pamoja na nafuu chache. Gari-nyumba linalozidi kilo 3,500 hadi kilo 7,500 huhitaji daraja C1, na likivuta trela zito ni C1E. Uingereza ililegeza sheria ya kuvuta trela Desemba 2021, lakini gari lenyewe likizidi kilo 3,500 bado linadai daraja lake. Marekani kila jimbo lina yake: California hutaka leseni maalumu kwa gari-nyumba linalozidi futi 40. Urefu wa msafara mzima nao una kikomo kinachobadilika mpakani, na anayeishi barabarani huvuka mipaka mingi.

Dhana: “Nimekwisha kufunga, sasa ni kuendesha”

Mikanda hulegea. Gari linatulia kwenye springi zake, tairi zinakaa sawa, na mkanda uliokuwa umekaza kama chuma unakuwa na mchezo ndani ya nusu saa ya kwanza. Simama mapema ukaze tena. Kwa gari, mikanda inayoshika magurudumu ni bora kuliko ile inayoshika bodi, kwa kuwa gari linaendelea kupanda na kushuka kwenye springi bila kuilegeza. Pikipiki kandamiza springi za mbele kiasi, usizibane mpaka mwisho, na usiiache ikiegemea stendi yake.

Wakati wa kupakia, miguu ya nyuma ya trela iwe chini kwanza. Gari likiwa bado kwenye ngazi za nyuma, trela lisiloungwa huinua shingo ghafla. Na ukishafika kambini, usisawazishe gari-nyumba kwa jeki zake huku trela bado limeungwa. Kiungo kitapindishwa kwa nguvu ambayo hakikuundwa kuihimili.

Kwenye kila kituo zunguka trela na sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu, au tumia kipimajoto cha kulenga. Vyote viwe na joto linalokaribiana. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, ama beringi imekosa grisi ama breki imeshikilia, na trela hilo lisisogee tena mpaka gurudumu limevuliwa na kukaguliwa.