Ndizi ya kuvundikwa si sumu, shida ni kabaidi

Siku hizi malalamiko kuhusu ndizi za kuvundikwa yamezidi na wengi wenu mnasema "wameweka gesi, hiyo ni sumu". Jamani, gesi ni ya ndizi yenyewe. Inaitwa ethilini, na tangu 1901 Mrusi Dimitry Neljubow alionyesha ndiyo iliyokuwa ikivuja kwa gesi ya taa (ile iliyochomwa zamani kuwasha taa) na kupindisha miche yake ya njegere.

Ndani ya seli za ndizi kuna vipokezi vyenye shaba, yaani protini zinazopokea ujumbe wa gesi hiyo. Ethilini ikikosekana, hivyo vipokezi havilali, vinashinda vikizuia tunda lisiive. Ethilini ikishika ile shaba vinanyamaza, kizuizi kinaachilia, ujumbe unafika kwa kiini cha seli na jeni zinaanza kazi, wanga unakuwa sukari, ganda linaacha ukijani, halafu tunda linatoa ethilini zaidi, ndiyo maana ukifungia ndizi mbichi na moja imeiva kwa mfuko zote zinafuata. Shosho aliyefukia ndizi shimoni na kuzifukizia moshi alikuwa anatumia gesi hiyohiyo. Sasa hiyo sumu iko wapi?

Kabaidi ndiyo mambo mengine. Ni yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea, yakipata unyevu yanatoa asetilini, inayoiga ethilini lakini kwa unyonge, na mara nyingi mawe hayo yana uchafu wa aseniki na fosforasi. Fungua kreti soko la Marikiti ukute kikaratasi cha gazeti katikati ya ndizi, ndani unga mweupe umebaki, harufu kama ya kitunguu saumu. Hiyo usile, na tafadhali msiniambie "nitaosha tu".

Sheria ni Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, ile ya chakula, dawa na kemikali. Afisa aliyeidhinishwa anaruhusiwa kuingia pahali chakula kinauzwa ama kuwekwa, kukagua, kuchukua sampuli na kushikilia mzigo, na ukipatikana na hatia ni faini, kifungo, ama vyote viwili. Kwa hivyo ukishuku usitupe na usioshe, weka tunda na kile kikaratasi kwa mfuko mkavu, andika umenunua wapi, lini na saa ngapi, peleka kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako. Mfuko uwe mkavu kabisa na ukae mbali na jiko, kwa sababu kabaidi ikibaki na iguswe na maji, ile asetilini inashika moto.