Kanuni Huria za Michezo ya Mezani: Nani Aweza Kuzifunga Tena?

Katika kazi yangu ya kuwashauri waandishi juu ya hakimiliki, watunzi wa michezo ya kuigiza ya mezani huniuliza mara nyingi kama wanaruhusiwa kutumia kanuni za Dungeons & Dragons katika vitabu vyao. Huu ni mchezo uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ambamo kila mchezaji hubeba nafsi ya mhusika wake, msimulizi mmoja huwaeleza wenzake yanayowakabili, na dadu huamua kama upanga umempata adui au umepita hewani. Jibu langu huwashangaza wengi, kwa sababu kanuni zenyewe, kwa maana ya utaratibu wa kucheza, hazimilikiwi na mtu.

Kifungu cha 102(b) cha sheria ya hakimiliki ya Marekani hakimpi mtu umiliki wa wazo, utaratibu wala mbinu; kinacholindwa ni namna vilivyoelezwa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuamua hivyo mwaka 1879 katika kesi ya Baker dhidi ya Selden, ambapo mwandishi wa kitabu cha utunzaji wa hesabu alitambuliwa kuwa na haki juu ya maandishi yake, lakini si juu ya mfumo wa kutunza hesabu uliomo. Mkataba wa TRIPS, yaani mkataba wa Shirika la Biashara Duniani juu ya haki za ubunifu, ambalo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, una msimamo huohuo. Kwa hiyo yeyote anaweza kurusha dadu ya pande 20, akajumlisha uwezo wa mhusika na kulinganisha jumla hiyo na kiwango kilichowekwa, mradi aueleze utaratibu huo kwa maneno yake.

Ugumu ni kwamba katika maelezo ya viumbe, silaha na uchawi, utaratibu na ubunifu vimesukwa pamoja, na mchapishaji mdogo hana fedha za kwenda mahakamani ili aonyeshwe mpaka ulipo. Hapo ndipo leseni huria inapopata thamani yake, maana humwondolea mtunzi hofu.

Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast, mmiliki wa Dungeons & Dragons, ilitoa leseni iitwayo OGL (Open Game License) pamoja na hati ya kanuni za msingi, kwa msukumo wa Ryan Dancey, ambaye alikuwa ameyachukua mawazo ya programu huria za kompyuta na kuyaleta mezani. Leseni hiyo ilikuwa na gharama ambayo wengi hawakuipima. Katika kifungu cha 7, mtumiaji aliahidi kutotaja alama ya biashara ya mtu mwingine ili kuonyesha kwamba kitabu chake kinalingana na mchezo fulani, ahadi ambayo sheria ya kawaida haikumdai kwa upana huo. Hata hivyo tasnia nzima ilijengeka juu yake. Toleo la nne la mchezo lilipokuja mwaka 2008 likiwa na leseni kali zaidi, kampuni ya Paizo ilibaki na OGL na kutoa Pathfinder mwaka 2009, mshindani aliyejengwa juu ya kanuni zilezile.

Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya ya Wizards of the Coast iliyotaka mrabaha wa asilimia 25 kwa mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka, na iliyotangaza kwamba leseni ya zamani si halali tena. Hoja yake ilitokana na pengo: kifungu cha 4 kilisema leseni ni ya kudumu bila kusema kwamba haiwezi kubatilishwa, na kifungu cha 9 kilizungumzia matoleo yaliyoidhinishwa. Naiona hoja hiyo kuwa dhaifu, kwa kuwa kampuni yenyewe ilikuwa imeueleza umma miaka mingi nyuma kwamba anayeridhika na toleo la zamani angeweza kuendelea nalo. Lakini hoja dhaifu mikononi mwa kampuni tajiri inatosha kumfanya mtunzi mdogo aache kuchapisha.

Wachezaji na wachapishaji walipinga kwa nguvu, na tarehe 27 Januari kampuni ilirudi nyuma na kuiweka hati ya kanuni za toleo la tano, yenye kurasa zipatazo 400, chini ya CC BY 4.0, leseni huria ya taasisi ya Creative Commons. Huu ndio ushindi ninaouthamini zaidi, kwa sababu leseni hii inatamka wazi kwamba haibatilishwi, na anayeisimamia ni taasisi isiyouza michezo. Kutafsiri ni haki ya mwenye hakimiliki, na hapa imekwisha kutolewa: mtunzi wa Mombasa anaweza kuzitia kurasa hizo katika Kiswahili na kuziuza, mradi amtaje mwenye kazi na aonyeshe alichobadilisha. Alama za biashara hazimo katika ruhusa hiyo.

Paizo nayo iligharimia leseni huria nyingine ya michezo, ORC, iliyokamilika Juni 2023 na kukabidhiwa kwa ofisi ya mawakili ya Azora Law ili mchapishaji yeyote asiitawale. Tofauti yake kubwa na CC BY ni kwamba utaratibu wa mchezo unaoubuni juu ya kazi ya wengine nao unakuwa huria, upende usipende, huku wahusika, hadithi na michoro vikibaki vyako. Anayetaka kanuni zake zisambae popote bila sharti la kurudisha, namshauri achague CC BY. Anayetaka maboresho ya wengine yabaki mali ya wote, namwelekeza kwenye ORC.