Utamu wa Ramu Uko Puani

Jana usiku nilisahau glasi mezani. Haikuwa na kitu, labda tone moja chini. Asubuhi, kabla sijabandika hata maji ya chai, niliinusa kwa mazoea ya kazi: ganda la chungwa lililokauka, molasi, kabati la mbao la bibi. Nikapitisha kidole ndani. Kimetoka kikavu, hakinati hata kidogo. Nikakumbuka kwamba sijawahi kuandika hapa jambo ninalolirudia kila nikiendesha darasa la kuonja: ramu nzuri iliyozeeka haihitaji sukari, na ule utamu unaousikia ni kazi ya pua.

Watu hubisha. Ramu si inatokana na miwa? Ndiyo, na katika sehemu kubwa ya visiwa vya Karibi inatokana na molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa. Lakini molasi ikichanganywa na maji na kutiwa chachu, chachu hula sukari na kutoa kilevi. Kisha mchanganyiko hukenekwa: unachemshwa, mvuke unapanda, unapozwa, unatiririka upande wa pili. Sukari haipandi na mvuke, inabaki chini ya mtambo. Aliyewahi kuona gongo likipikwa hahitaji somo hili. Kinachotoka kwenye mrija ni cheupe kama maji na kinawaka kooni, hata kama kilichoingia mtamboni kilikuwa kitamu namna gani. Konyagi yetu na Kenya Cane ya majirani ni watoto wa muwa huohuo, ila hazikulazwa kwenye mapipa, ndiyo maana hazina rangi.

Basi utamu unatoka wapi? Nitatumia chupa moja ninayoijua vizuri: Appleton Estate ya miaka 12, ya Jamaika.

Appleton iko katika bonde la Nassau, eneo la St Elizabeth, chini ya vilima vya mawe ya chokaa vinavyoitwa Cockpit Country. Kumbukumbu za kutengeneza ramu pale zinarudi hadi 1749. Kwa miaka mingi msimamizi wa michanganyiko yao amekuwa Joy Spence, mkemia aliyejiunga na kampuni mwaka 1981 na kukabidhiwa kazi hiyo 1997, mwanamke wa kwanza duniani kuishika katika tasnia ya pombe kali. Namtaja kwa makusudi. Wapo wanaodhani kuonja ni maneno matamu ya watu wenye pesa, ilhali aliye juu kabisa katika fani hii alianzia maabara.

Ramu yake ni mchanganyiko wa mitambo miwili. Mmoja ni mnara, unaofanya kazi mfululizo na kutoa kilevi chepesi na safi. Mwingine ni chungu cha shaba, kinachopika mkupuo mmoja baada ya mwingine. Chungu hakichuji sana, kinapitisha vitu vingi pamoja na kilevi, na ndani ya vitu hivyo kuna esta, kampaundi zenye harufu kama ya matunda. Esta huzaliwa asidi na kilevi vinapoungana, nyingi zikitokea wakati wa kuchacha. Ukinusa ndizi mbivu kwenye ramu hujawehuka: ipo esta ileile iliyomo kwenye ndizi. Nanasi nalo lina yake. Hakuna aliyetia tunda kwenye pipa.

Jamaika wamelifikisha jambo hili mbali kuliko mtu yeyote. Kaskazini, huko Trelawny, kiwanda cha Hampden huacha molasi ichache kwa majuma badala ya siku moja au mbili, tena wanaongeza machicha yaliyobaki mtamboni kutoka mikupuo iliyopita, yenye asidi nyingi, ili bakteria wapate kazi. Kanuni za Jamaika zinaweka kikomo cha gramu 1,600 za esta kwa kila lita 100 za kilevi halisi, na aina yao kali kabisa, inayopewa alama ya DOK, inakaribia kikomo hicho. Hiyo kwa asili haikukusudiwa kunywewa peke yake, ilikuwa ya kutia ladha kwenye michanganyiko ya pombe na vyakula. Niliponusa ya namna hiyo mara ya kwanza nilirudisha kichwa nyuma: embe lililoiva likapitiliza, nanasi lililochacha, na gundi ya fundi viatu. Siku hizi naipenda, lakini simpi mgeni wa kwanza.

Kisha pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski yao ya mahindi, ilazwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, kwa hiyo kila pipa likitumika mara moja halifai tena kwa bourbon. Mapipa hayo, ya lita 200 hivi, husafiri hadi Karibi kulea ramu. Mwaloni ukichomwa hutoa vanilini, ndiyo harufu ya vanila. Hutoa pia kampaundi inayonukia nazi. Na hutoa yujenoli. Wa Unguja na Pemba mtanielewa haraka hapa, kwa sababu yujenoli ndiyo hasa inayofanya karafuu inukie karafuu. Mjamaika akisema ramu yake ina karafuu, hapambi maneno.

Sasa unganisha. Ndizi, vanila, nazi, chungwa: tangu utotoni ubongo wako umekutana na harufu hizi zikiandamana na sukari. Zikifika puani, ubongo unaimalizia hadithi na kukuambia kitu ni kitamu. Ukitaka ushahidi, bana pua, onja, ukiwa bado umeibana usikilize ulimi. Utapata ukavu, uchungu kidogo wa mbao, na moto. Achia pua, utamu unarudi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kaunta, mzee mmoja aliomba ramu ya kunywa polepole baada ya chakula. Nikaruka kwenye chupa ghali kuliko zote, yenye namba kubwa imeandikwa kwa dhahabu. Akaonja, akaiweka chini taratibu. “Mwanangu, hii ni sharubati.” Nilikasirika kimoyomoyo. Baadaye nikaja kugundua mawili. Kwanza, ilikuwa imeongezwa sukari. Pili, ile namba haikuwa umri wa pombe yote. Kuna mfumo wa kuchanganya pipa changa na pipa kuukuu kwa ngazi, na baadhi ya wauzaji huandika umri wa tone kongwe zaidi. Jamaika, “miaka 12” maana yake tone changa kuliko yote limelala miaka 12. Tofauti ni kubwa kama ya umri wa mjukuu na wa babu.

Na miaka 12 ya nchi ya joto si mchezo. Pipa hupumua, na sehemu ya kilichomo hupotea hewani. Wazalishaji huiita “fungu la malaika.” Uskoti, kwenye baridi wanakolaza wiski, ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Jamaika ni asilimia 6 hivi. Piga hesabu: lita 200 zinazopungua asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 zinabaki kama lita 95. Kwa Uskoti zingebaki 157. Kwa hiyo ukiona ramu ya miaka 21 inauzwa bei ya kutisha, kumbuka robo hivi tu ya pipa ndiyo iliyobaki. Pia, kuzidi umri si kuzidi uzuri. Joto huharakisha mbao, na nimeonja ramu za zaidi ya miaka 20 ambazo zilikuwa kama kulamba mlango. Kwangu mimi kati ya 8 na 15 ndipo penye raha.

Kuonja kwenyewe. Tafuta glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ile toti ya baa inamwaga harufu yote hewani. Mimina vidole viwili visivyofika, mililita 30 zinatosha. Usifukize udi siku hiyo, wala usijipake marashi. Niliwahi kupoteza darasa zima kwa sababu chumba cha jirani kulikuwa na maandalizi ya harusi. Acha glasi itulie dakika kumi.

Vitabu vinasema inywe kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Dar es Salaam mwezi wa Januari chumba kina nyuzi 31, na kilevi kinapanda kwa fujo mpaka pua inakufa ganzi. Mimi huiweka chupa kwenye friji robo saa tu, isipate baridi, ipoe. Barafu siitii mwanzoni kwa sababu baridi kali hufunga harufu, na harufu ndiyo uliyolipia. (Wajamaika wenyewe wana joto kama letu na hutia barafu bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukishaijua ramu yako, fanya utakavyo.)

Sogeza glasi chini ya midomo, si moja kwa moja puani. Acha kinywa wazi kidogo ukinusa. Appleton ya miaka 12 hunipa ganda la chungwa kwanza, kisha vanila, halafu njugu zilizokaangwa na kahawa kwa mbali. Lile chungwa linatoka kwenye chungu cha shaba. Wewe ukisikia tende, sukari guru au kungumanga, andika hivyohivyo. Sipendi watu wanaokariri orodha za matunda ya Ulaya ambayo hawajawahi kuyagusa.

Funda la kwanza liwe dogo, la kuuzoesha ulimi moto. Usilihukumu. Funda la pili lizungushe, limeze, kisha toa pumzi kwa pua. Hapo ndipo ramu nzuri inapojieleza, na mbaya inapokatika ghafla. Halafu tia matone mawili matatu ya maji, unuse upya. Chupa hii ina asilimia 43 za kilevi, haihitaji mengi.

Ukitaka kujua kama umeuziwa sharubati, sugua matone kiganjani mpaka yakauke: ikinata, kuna kitu. Au fanya kama nilivyofanya jana, acha glasi ilale. Duka la serikali la Uswidi, Systembolaget, huchapisha kiasi cha sukari cha pombe wanazouza. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2021, hauruhusu zaidi ya gramu 20 za sukari kwa lita ya ramu, ambazo bado ni kama vijiko vitano vya chai. Huko Barbados, Richard Seale wa kiwanda cha Foursquare amekuwa akilipigia kelele jambo hili la kuongeza sukari kwa miaka, na ramu zake kavu ni hatua nzuri baada ya Appleton. Guyana wana mitambo ya mbao ambayo bado inafanya kazi, na ramu nzito yenye kunukia moshi na molasi. Kisiwa cha Martinique hutumia maji ya miwa mabichi badala ya molasi, kwa masharti ya kisheria ya tangu 1996. Hiyo inanukia majani na inastahili siku yake.

Chupa isimamishe, usiilaze kama mvinyo, kilevi kikali hula kizibo. Ikibaki chini ya robo, hewa iliyomo huanza kuififisha, kwa hiyo ihamishie kwenye kichupa kidogo au ita wenzako. Yangu imebaki vidole vitatu. Dada yangu anakuja Jumamosi, na nimeshamwambia asijipulizie chochote.